Kinyota Kando ya Jina

Katika daftari la alama nahodha hana taji.
Ana kinyota tu, kidogo kama dudu la mchele,
kando ya jina lake,
nami ndiye ninayekichora.
Miaka kumi na minne nimekichora kando ya Wragg
bila kufikiri, kama mtu anavyofunga kifungo.

Septemba iliyopita goti lake lilikata shauri kabla yake.
Alipanda ngazi za banda moja moja, akizihesabu,
akavua kofia, akaichungulia ndani,
pale jasho lilipochora ramani,
akaiweka mezani pangu, karibu na chai.
"Thirza," akasema, "imetosha."
Basi. Watu wa kaunti hii
huyatoa maneno kama pesa ya mfukoni mwao.

Kisha baridi, na kamati.
Bi Ollerenshaw kitini, hita inayonuka vumbi,
biskuti zilizohesabiwa.
Tangazo likatoka gazetini: Anatafutwa nahodha.
Utadhani amepotea. Utadhani alionekana mara ya mwisho
amevaa sweta jeupe, akielekea upande wa mto.

Bellamy ana mkono, wakasema, hana subira.
Petgrave anayo subira, lakini ni mrushaji,
na mrushaji hajui kujinyang'anya mpira.
Saqib Dar, mlinda vijiti, huona kila kitu,
tatizo ni kwamba hukisema.
Mzee Cattermole akataka wa kuazima kutoka Australia.
"Alipwe na nani?" akauliza mweka hazina,
na hapo paa linalovuja likaingia kwenye ajenda,
likakaa humo hadi saa nne usiku.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama:
hilo tulionywa.
Hatukuambiwa lolote
juu ya chombo kisicho na hata mmoja.

Aprili. Nyasi zimelowa, upepo unapekua kurasa zangu.
Naandika majina kumi na moja kwa wino.
Mwamuzi anauliza nani atakuja kurusha shilingi;
wanatazamana viatu.
Anakwenda Dar, kwa kuwa ndiye aliye karibu,
anashindwa, anarudi akicheka.

Wragg amekuja. Hakukaa na wageni wa heshima.
Amejibana kibandani mwangu, goti limenyooshwa
chini ya meza, koti la mvua mapajani.
Ova ya tisa, mrushaji hajaanza hata kukimbia,
mkono wake wa kushoto unainuka wenyewe,
vidole viwili: msogeze yule, kulia.
Uwanjani hakuna anayesogea.
Mpira unapita pale pale,
unaiendea kamba ya mpaka bila haraka
kama paka anayejua mlango wa kwao.
Naandika nne.
Mkono unarudi mfukoni
kama ulioshika kitu kisicho chake.
Simtazami. Nachonga penseli
isiyohitaji kuchongwa.

Mpira unaofuata,
kijana Dhillon, miaka kumi na tisa,
aliyewekwa mbali kwa kuwa hakuna aliyejua amweke wapi,
analitazama pengo, anatazama huku na huku,
hakuna wa kumwomba ruhusa,
anapiga hatua sita kulia.
Kisha anamwashiria Bellamy — Bellamy! —
naye asogee.
Na Bellamy, akinung'unika, anasogea.
Gongo linalia, mpira unakimbia nyasini
na kumkuta Dhillon mikononi
kama barua iliyoandikwa anwani vizuri.

Nukta. Ndivyo tunavyoandika
mpira usiozaa kitu.

Wragg anakohoa.
"Nani yule?"
"Dhillon."
"Hm," anasema, na kuinywa chai yangu
hadi chini.

Kamati itakutana Alhamisi. Paa bado linavuja.
Mimi nimekwisha kuigusisha penseli karatasini
kando ya jina lake, kidogo tu,
alama ambayo haijafika nyota,
inayofutika.